Pampu ya mafuta kwa kabureta za pikipiki kwenye injini ya gari: tuanze na presha, si nguvu

Mleta uzi (Nyakato, Mwanza)

Wakuu, habari za jukwaa.

Anayekuja gereji na kabureta nne za pikipiki kubwa, akitaka zifungwe kwenye injini ya gari, huwa ameshawaza manifoldi (bomba za kupitishia hewa kwenda kwenye silinda), ameshawaza jeti (vitundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta), na ameshawaza hata mlio utakaotoka. Pampu ya mafuta ndiyo huachwa mwisho, na huamuliwa kwa kauli moja tu: "Tutafunga ya EFI, ile ina nguvu." EFI ni mfumo wa kompyuta unaopuliza petroli kwa presha kubwa bila kabureta. Naandika uzi huu kwa sababu ya kauli hiyo. Kabureta za pikipiki hazihitaji pampu yenye nguvu. Zinahitaji pampu yenye presha ndogo isiyoyumba, na mafuta ya kutosha nyuma yake. Hayo ni mambo mawili tofauti, na anayeyachanganya hununua pampu mara mbili.

Nitatumia mfano wa injini ya Toyota 5K, ya cc 1,486, ambayo bado tunaiona kwenye LiteAce na TownAce za zamani. Nimeichagua kwa sababu distributa yake inajitegemea na haisubiri amri ya kompyuta, hivyo ukiondoa kabureta ya kiwandani injini inabaki na moto wake kamili. Kabureta za mfano wangu ni Mikuni za milimita 40 zilizokuwa kwenye Yamaha R1 ya mwaka 1998 hadi 2001, kabla ya pikipiki hiyo kuhamia kwenye EFI mwaka 2002. Mwenye kabureta za Keihin atafuata hesabu zile zile.

Pikipiki nyingi zenye kabureta hubeba tangi juu ya injini, na petroli hushuka kwa uzito wake. Petroli iliyo sentimita 30 juu ya kabureta husukuma kwa takribani 0.3 psi (kipimo cha presha) tu, na hata ukiliinua tangi mita nzima hupati zaidi ya 1 psi na ushee. Pikipiki kama R1 zilikuwa na pampu ya umeme, lakini pampu hiyo nayo ilikuwa ya presha ndogo, kwa sababu kinachofunga mafuta ndani ya kabureta ni kilekile: floti ya plastiki inayoelea kwenye bakuli, wenzo mdogo, na sindano inayoziba tundu.

Tuliangalie tundu hilo kwa karibu, maana hapo ndipo uamuzi wote ulipo. Tuseme kiti cha sindano kina tundu la milimita 2. Eneo lake ni kama milimita za mraba 3.1. Petroli ikija kwa 3 psi, nguvu inayoisukuma sindano ifunguke ni sawa na uzito wa gramu 6 hadi 7, na floti inaimudu bila shida. Sasa leta petroli kwa 40 psi, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya reli ya EFI (bomba linalogawa petroli kwa silinda) kwenye Corolla zetu. Nguvu hiyo inafika karibu gramu 88. Floti ile, hata ikisaidiwa na wenzo wake, haina ubavu wa kuishikilia sindano dhidi ya gramu 88. Sindano inafunguka, bakuli linajaa, petroli inatoka kwenye mpira wa kumwagia, na isipopata njia hiyo inapita kwenye jeti na kuingia ndani ya silinda.

Ikishafika ndani ya silinda, madhara yake hayaishii kwenye plagi kulowa na kuwa nyeusi. Petroli huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye sampu (karai la oili chini ya injini), na ukichomoa dipstiki unakuta oili imepanda kiwango na inanuka petroli. Gari likilala na silinda moja imejaa, asubuhi unapopiga stata pistoni inagonga kitu kisichobanika, na koneksheni rodi inaweza kupinda. Na kwenye 5K kuna hatari zaidi: matundu ya hewa na ya moshi yako upande mmoja wa silinda hedi, kwa hiyo kabureta zinakaa juu ya manifoldi ya ekzosi. Petroli inayodondoka hapo haidondoki sakafuni.

Kwa hiyo lengo ni 2 hadi 3 psi kwenye mlango wa kabureta. Mimi hulenga 2.5. Zipo kabureta zitakazovumilia 4 kama sindano na viti vyake ni vipya, lakini za mtumba tunazozipata hapa zimeshatumika miaka mingi, na ncha ya sindano, ukiipitishia kucha, ina mfereji mdogo uliochimbwa na kiti chake. Sindano ya namna hiyo ibadilishwe kabla hujazungumzia pampu.

Sasa wingi wa mafuta, ambao ndio watu huuogopa bila sababu. Injini ya petroli yenye nguvu farasi 100, ikikanyagwa mwisho, hunywa takribani lita 30 kwa saa. 5K yetu haifiki huko. Pampu ndogo yoyote ya kabureta inayotoa lita 60 hadi 100 kwa saa ina akiba ya kutosha. Kumbukeni pia kwamba kabureta hizo hizo zililisha R1 yenye cc 998 na nguvu farasi zipatazo 150, kwa hiyo viti vya sindano haviwezi kuwa vyembamba kwa injini ya LiteAce.

Kwa chaguo lililopo, nianze na pampu ya mekanika iliyo ubavuni mwa injini, inayosukumwa na kemshafti. Ni ya kuaminika, injini ikizima nayo imezima, na haihitaji waya hata mmoja. Tatizo ni kwamba pampu za aina hii, kwenye magari kwa jumla, hutoa kati ya 3 na 6 psi, na hutoa kwa mapigo. Mabakuli ya kabureta za pikipiki ni madogo, na mapigo hayo yanaitikisa sindano. Ukifunga regyuleta (kifaa cha kushusha na kutuliza presha) ya presha ndogo pamoja na njia ya marejeo (ya kurudisha petroli ya ziada kwenye tangi) inafanya kazi vizuri, na kwa mtu asiyependa mambo ya umeme ningeiweka namba moja. Wapo wanaoongeza pakingi chini ya pampu ili wenzo upungukiwe safari. Mbinu hiyo hupunguza wingi wa mafuta zaidi kuliko inavyopunguza presha, kwa hiyo siitegemei.

Chaguo la pili, ambalo ndilo ninalofunga mara nyingi, ni pampu ya umeme ya kabureta, ile ya kiboksi inayogonga tik-tik-tik, ambayo Facet ndio waliofanya umbo lake lijulikane. Nunua ile ya presha ndogo kabisa katika jamii yake. Kampuni hutoa pampu zinazofanana kwa sura lakini moja ni ya 2 hadi 4 psi na nyingine inafika 7, na muuzaji dukani hatakuambia tofauti kwa sababu kwake zote ni "pampu ya nje". Nakala za bei nafuu zimejaa sokoni. Sizikatai, ila kibandiko chake sikisadiki mpaka geji iseme.

Chaguo la tatu ni pampu ya pikipiki yenyewe, kama iliuzwa pamoja na kabureta. Hii ndiyo iliyooana nazo tangu kiwandani, na nyingi hujizima zenyewe presha ikijaa. Kasoro yake ni kwamba ni ya mtumba, na zile zenye kontakti ndani huungua ncha, ukabaki barabarani Usagara unaigonga kwa spana ili iamke.

Pampu ifungwe karibu na tangi na chini ya usawa wa mafuta kadiri inavyowezekana, kwa sababu pampu hizi ni hodari wa kusukuma na dhaifu wa kuvuta. Filta itangulie pampu. Mdomo wa kutolea uelekee juu ili mapovu yapande yaondoke.

Njia ya marejeo watu huiona kama anasa. Baada ya kabureta ya mwisho, weka mpira unaorudi kwenye tangi, na ndani yake ubanie jeti yenye tundu la milimita 1. Kwa presha ya 2.5 psi, tundu hilo hupitisha takribani lita 12 kwa saa. Ni kiasi kidogo, pampu haikihisi, lakini kinafanya kazi tatu: kinatoa mapovu, kinaizuia petroli isikae na kuchemka juu ya ekzosi, na kinapunguza makali ya mapigo ya pampu. Ukiweka tundu la milimita 1.5 unapitisha zaidi ya mara mbili ya hapo, na pampu ndogo inaweza kuanza kupungukiwa kwenye mlima.

Karibuni kwa maswali na kwa kupinga.

Mchangiaji (Kirumba)

Mkuu, asante kwa uzi. Mimi ni fundi wa mashine za mitumbwi. Mashine zetu za Yamaha za 15 na 40 zina pampu ndogo ya kiwambo (utando unaocheza) isiyotumia umeme wala kemshafti, na presha yake ni ndogo kama unavyoitaka. Spea zake zimejaa hapa Mwaloni kuliko hizo pampu za kiboksi. Kwa nini tusiifunge hiyo?

Mleta uzi

Mkuu, swali lako ni zuri kwa sababu presha ya pampu hiyo ingetufaa kabisa. Inakwama kwenye kinachoiendesha. Mashine ya mtumbwi ya viharusi viwili ina chumba cha kreki (nafasi iliyo chini ya pistoni) kilichofungwa kwa kila silinda, na pistoni ikipanda na kushuka chumba hicho kinavuta na kusukuma hewa. Mapigo hayo ndiyo yanayochezesha kiwambo. Kwenye 5K silinda zote nne zinashiriki kreki moja, na kila pistoni mbili zinapopanda, nyingine mbili zinashuka, hivyo ujazo wa hewa chini haubadiliki wa kutosha kuchezesha chochote. Ukijaribu kuchukua mapigo kwenye manifoldi ya hewa unayapata injini ikiwa kwenye silensa (inaunguruma bila kukanyagwa), lakini ukikanyaga mwisho yanafifia, yaani yanakuishia pale pale unapohitaji mafuta mengi.

Kifaa chenu ambacho ningekichukua ni ile balbu ya mpira ya kupampia kwa mkono. Ikifungwa kati ya tangi na pampu inajaza mabakuli bila kuihangaisha betri, hasa gari likiwa limekaa muda mrefu. Ibonyezwe kwa upole tu, kwa sababu kiganja cha mvuvi kinaweza kuipita 3 psi bila mwenyewe kujua, na sindano ikafunguka kwa mkono badala ya kwa pampu.

Mchangiaji (Musoma)

Mleta uzi, naheshimu hesabu zako lakini kazi yangu inasema vingine. Nimefunga pampu ya EFI ya ndani ya tangi kwenye injini ya Toyota 4A iliyovuliwa EFI, nikatoa regyuleta ya kiwandani, nikaacha njia ya marejeo wazi kabisa bila kizuizi, na nikachepusha tawi kwenda kwenye kabureta. Gari linatembea, halimwagi mafuta, na mwenyewe analitumia kwenda Bunda na kurudi. Sasa hizo gramu 88 ziko wapi?

Mleta uzi

Mkuu, hazipo, na nitakueleza kwa nini, kwa sababu ulichofanya kina mantiki yake. Pampu haizalishi presha peke yake. Inazalisha mtiririko, na presha hutokana na kinachouzuia mtiririko huo. Ukiacha marejeo wazi, kizuizi kinachobaki ni msuguano wa bomba la kurudia. Kwa pampu inayotoa lita 120 kwa saa kupitia bomba la kipenyo cha ndani cha milimita 6 na urefu wa mita 3, mimi napata karibu 1.2 psi kwenye tawi lako, na kona za bomba zitaongeza kidogo. Floti inafurahi.

Ugomvi wangu ni kwamba presha ya kabureta zako sasa inalindwa na bomba moja tu la nyuma, ambalo hakuna anayelitazama. Siku litakapobonyezwa na jeki, siku mpira utakapojikunja kwenye kona, siku uchafu wa tangi utakapoziba mdomo wa kurudia, pampu hiyo haitashuka wala kutulia. Itapanda kuipita hata presha ya kawaida ya EFI, kwa sababu sasa haina regyuleta ya kuituliza. Pampu ya kabureta ya 3 psi, ukiziba marejeo yake, inabaki kwenye 3 psi na inasubiri. Tofauti hiyo ndiyo ninayoilipia.

Wapo pia wanaobakiza pampu ya EFI na kuifungia regyuleta ya kabureta mbele yake. Hao wako pabaya kuliko wewe. Regyuleta nyingi za kabureta zimeundwa kupokea presha ya pampu za kabureta, na ukiziletea 40 psi kiwambo chake hakidumu, au hakizibi kabisa tangu siku ya kwanza. Anayelazimika kubaki na pampu ya EFI atafute regyuleta ya aina ya kuchepusha, inayorudisha ziada kwenye tangi, iliyoandikwa wazi kwamba inashuka hadi presha ya kabureta, na marejeo yake yawe mapana.

Na kwa wanaohama kutoka EFI kwenda pampu ya nje: pampu ya zamani itolewe kabisa ndani ya tangi, mahali pake pawekwe bomba lenye kichujio. Ina vali inayozuia mafuta yasirudi, na hata isipoziba, pampu ndogo ya nje haitaweza kuvuta vizuri kupitia tumbo lake.

Mchangiaji (Bukoba)

Mimi kinachonitia hofu ni umeme. Pampu ya mekanika inasimama injini ikizima. Hii ya kiboksi, gari likipinduka ufunguo ukiwa umewashwa, si itaendelea kumwaga petroli?

Mleta uzi

Itaendelea, mkuu, na hapo ndipo sikubali mkato. Kuivuta pampu moja kwa moja kutoka kwenye swichi ya ufunguo ni kosa ambalo nalikuta kwenye magari mengi mno.

Njia rahisi kwa magari ya zamani ni kuitumia swichi ya presha ya oili iliyopo kwenye bloku. Swichi hiyo hugusa bodi wakati oili haina presha, ndiyo maana taa nyekundu huwaka kabla hujapiga stata, na huachia presha ikipanda. Chukua relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya pini tano. Pini 86 ipate umeme wa ufunguo. Pini 85 iungwe kwenye waya wa swichi ya oili. Pini 30 ipate umeme wa ufunguo kupitia fyuzi, ya ampia 5 hadi 10 kulingana na pampu. Pampu ichukue umeme kutoka pini ya katikati, 87a, wala si 87. Injini ikiwa imesimama, swichi inagusa bodi, koili ya relei inavuta, na 87a inakuwa haina umeme. Oili ikipata presha, koili inaachia na pampu inapata moto wake. Injini ikizima kwa ajali, presha ya oili inaanguka na pampu inakatika yenyewe.

Kiungo hicho cha pini 85 kifanyie pale pale karibu na swichi, ili relei na taa ya dashibodi vitumie kipande kimoja cha waya kinachoingia kwenye swichi. Sababu yake ni hii: waya huo ukikatika, koili haitavuta tena na pampu itafanya kazi muda wote ufunguo ukiwa wazi. Ila kwa kuwa taa inatumia kipande hicho hicho, nayo haitawaka unapofungua ufunguo, na hapo unajua kuna hitilafu kabla hujaondoka.

Kwa kujaza mabakuli mara ya kwanza, weka kitufe cha kubonyeza kinachoipelekea pampu umeme moja kwa moja, na kiwe cha kuachia chenyewe unapotoa kidole. Wenye uwezo wa kuongeza swichi ya mshtuko, kama zile zilizomo kwenye Land Rover Discovery, waongeze.

Mchangiaji (Geita)

Je, kabureta nne za bodaboda hazifai? Mpya kabisa, bei rahisi, na zipo kila kona.

Mleta uzi

Gari litawaka, lakini halitakwenda popote pa maana. Kabureta ya bodaboda imepimwa kwa silinda ya cc 100 hadi 150, na silinda moja ya 5K ina zaidi ya cc 370, kwa hiyo utaishiwa pumzi mapema. Tena zimeundwa kwa mteremko wa tangi tu, hivyo sindano zake zitaikataa pampu kabla ya wenzake. Okoa fedha yako.

Mchangiaji (Igoma)

Nimefuata uzi, nimefunga pampu ya kiboksi, lakini gari bado linatoa moshi mweusi na plagi ni nyeusi. Jeti nilifuata jedwali la Waingereza la injini ya ukubwa huu. Sina geji ya presha ndogo. Nitajuaje kama ni pampu inayofurisha au ni jeti?

Mleta uzi

Mkuu, umeuliza swali ambalo watu wengi hulijibu kwa kubadilisha pampu ya tatu. Yatenganishe mambo hayo mawili kabla hujatumia shilingi.

Chini ya kila bakuli kuna mdomo mdogo wa kutolea mafuta pamoja na skrubu yake. Chomeka mpira unaoonyesha, uukunje kwenda juu ukiwa umelala kando ya bakuli, halafu ulegeze skrubu. Petroli itapanda ndani ya mpira hadi usawa ule ule uliomo ndani ya bakuli. Tia alama kwa kalamu. Washa injini iunguruze kwenye silensa, kisha uikanyage kidogo na kuiachia, ukitazama alama. Usawa ukitulia pale pale, sindano inafunga vizuri na pampu haina hatia, hivyo kosa ni la jeti au la urefu wa floti. Usawa ukiendelea kupanda taratibu kupita alama, sindano inashindwa, ama kwa presha ama kwa uchakavu. Fanya hivyo kwa kila kabureta, kwa sababu mara nyingi ni moja tu kati ya nne. Ifanye nje, pasipo na moto wala mtu anayechomelea jirani.

Kuhusu presha bila geji: petroli yenyewe ni kipimo. 2 psi huinua petroli karibu mita 1.9, na 3 psi karibu mita 2.85. Mpira unaoonyesha wa mita nne, ukiungwa kwa T baada ya pampu na kufungwa wima kwenye ngazi, ncha ya juu ikiwa wazi, utakuonyesha presha bila kukudanganya. Upime urefu kuanzia usawa wa kabureta. Pampu ikipandisha mafuta hadi yakaribie ncha, izime mara moja, umeshapata jibu. Geji ya matairi usiitumie, kwa sababu kwenye 2 psi mshale wake haujaanza hata kuamka. Ukinunua geji, iwe ya 0 hadi 15 psi.

Kwa kisa chako, nashuku jedwali. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Mwanza ina presha pungufu kwa takribani asilimia 13 kuliko ya pwani. Jeti iliyopimwa Uingereza, karibu na usawa wa bahari, hapa inaleta petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Shusha jeti kuu hatua moja au mbili, usome plagi upya. Pampu ya mwenzako wa Tanga na yako zinaweza kufanana, jeti zenu hazitafanana.

Mchangiaji (Kirumba)

Naongeza kidogo kwa aliye Igoma. Kabureta hizi zikipanuliwa ili zilingane na nafasi ya matundu ya injini ya gari, vile vibomba vya T vinavyopitisha mafuta kati ya kabureta na kabureta hurefushwa. Oringi zake ziwe mpya zote, na za aina inayovumilia petroli. Nimeshaona T iliyorefushwa kwa mpira wa maji.

Mleta uzi

Mkuu wa Kirumba amesema jambo ambalo nilipaswa kulipa aya yake. Mpira wa maji hulainika kwenye petroli, na hapo chini ni ekzosi. Mipira yote iwe ya mafuta, klipu za kuzunguka badala ya waya wa kufungia, na kati ya kabureta na ekzosi iwepo bati ya aluminiamu iliyoachiwa nafasi ya hewa pande zote mbili. Njia ya marejeo inaipoza petroli injini ikiwa inafanya kazi. Injini ikizimwa, bati ndiyo inayobaki na kazi.

Mchangiaji (Igoma)

Nimepima kwa ngazi. Kibandiko kinasema 2 hadi 3 psi, lakini mafuta yalipanda yakatokea juu ya mpira wa mita nne kabla sijawahi kuzima. Nibadilishe pampu au nifunge regyuleta?

Mleta uzi

Mita nne ni zaidi ya 4 psi, kwa hiyo kibandiko kimekudanganya, na sindano zako huenda zinapitisha pamoja na hilo tatizo la jeti. Kama pampu inavuta vizuri, ibakize ufunge regyuleta, maana pampu nyingine ya duka hilo hilo inaweza kuwa na tabia hiyo hiyo. Mpangilio uwe tangi, filta, pampu, regyuleta, kabureta, kisha jeti ya marejeo na kurudi kwenye tangi. Regyuleta ipangwe injini ikiwa inaunguruma, ianzie chini kabisa na kupandishwa hadi 2.5. Baada ya hapo lipeleke gari mlimani, Bugando panatosha, gia ya pili, ukanyage mwisho. Likikosa nguvu na kukohoa kupitia kabureta karibu na kileleni, mabakuli yanakauka: angalia filta kwanza, halafu tundu la marejeo, na regyuleta iwe ya mwisho kuguswa. Geji ukiinunua, iache hapo hapo kwenye regyuleta na uisome kiti cha LiteAce kikiwa kimeinuliwa. Usivute bomba la petroli kuja kwenye dashibodi kwa ajili ya kuiona.